Betri mpya, chaji ileile: kisa cha simu iliyojiwasha mfukoni

Simu yenyewe ilikuwa ya Android, kioo cha OLED, betri ya mAh 5,000, umri wake miaka miwili na kitu. Mwenyewe ni mtunza ghala: kutwa anapanda ngazi, anachuchumaa kusoma lebo, anabeba maboksi, anatoka jasho. Malalamiko yake yalikuwa mafupi. Saa 1 asubuhi anatoka nyumbani chaji ikiwa 100%. Saa 7 mchana imebaki kama 38%, ilhali simu imeshinda mfukoni na hakuitoa ila kupokea simu mbili tatu. Siku nyingine akiitoa anaikuta ya moto. Alishakwenda kwa fundi akaambiwa betri imechoka, akabadilishiwa. Siku za mwanzo akajiona amepata nafuu, kisha mambo yakarudi palepale.

"Fundi, hata betri mpya nayo imekufa," aliniambia huku akiiweka mezani.

"Haijafa, kaka. Hebu nifungulie, tuangalie ilishindaje."

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu wanaosumbuliwa na simu inayojiwasha mfukoni hufuata njia moja: huanza kwa kulaumu betri, na betri mpya isiposaidia hupakua programu ya kufunga kioo mfukoni. Hapa betri haikuwa na kosa, na programu ya aina hiyo ingeongeza tatizo.

Hesabu kwanza

Kabla ya kugusa mpangilio wowote nilipiga hesabu, maana ndiyo inayokuambia utafute kitu cha ukubwa gani. Betri ya mAh 5,000 yenye volti 3.85 hubeba nishati ya takriban Wh 19 (wati-saa, yaani wati mara saa). Asilimia 62 zilizopotea ni kama Wh 12. Gawanya kwa saa sita, unapata wastani wa wati 2, mfululizo, asubuhi nzima. Simu iliyolala sawasawa, kioo kimezimika na mtandao ukiwa mzuri, hupoteza 1% kwa saa au pungufu, yaani chini ya wati 0.2. Simu hii ilikuwa ikila mara kumi ya stahili yake.

Je, kioo kilichowaka peke yake kinaweza kufikia hapo? Wengi watasema ndiyo. Mimi nilitilia shaka, na sababu yangu ni kwamba mfukoni kuna giza. Mwangaza ukiwa umeachwa ujirekebishe wenyewe, kama ulivyokuwa katika simu hii, sensa ya mwanga, yaani kihisi kinachopima mwanga, ikiona giza hushusha kioo hadi chini kabisa. Tena kioo cha OLED hakina taa ya nyuma kama LCD. Kinawasha nukta zile tu zinazoonyesha kitu, na nyeusi maana yake ni nukta iliyozimwa. Skrini ya kufuli yenye saa na picha nyeusi nyuma yake, katika mwangaza wa chini, pamoja na prosesa iliyokwisha kuamshwa, haifiki wati 2. Ingekuwa amefunga mwangaza juu kwa mkono wake, hesabu ingebadilika. Hakufanya hivyo. Basi kioo kilikuwa na mwenzake.

Ukurasa wa matumizi ya betri ulimtaja. Kioo kilikuwa kimewaka zaidi ya saa tatu kwa asubuhi ambayo mwenyewe anaapa hakuitazama simu hata robo saa. Na juu kabisa katika orodha ya programu ilikaa kamera.

"Sijapiga picha mimi," akasema.

Tukafungua picha. Zilikuwepo, tena nyingi, nyeusi tititi, na katikati yake video moja ndefu ya giza yenye sauti ya kitambaa kikisuguana. Hapo hesabu ikakaa sawa. Kamera inapofanya kazi huamsha sensa ya picha, kichakata picha na kioo kwa pamoja, na kwa simu nyingi jumla hufika wati 2 hadi 3. Kwa kawaida kamera isipoguswa kwa dakika chache hujifunga. Ya huyu ilikuwa ikiguswa kila baada ya hatua.

Ushahidi wa tatu ulikuwa mdogo ila una maana. Mara kadhaa alipoitoa simu mfukoni alikuta imegoma na kumwambia ajaribu tena baada ya sekunde 30. Ndivyo simu nyingi za Android zinavyofanya namba ya siri ikikosewa mara tano. Paja lilikuwa likibonyeza tarakimu. Mwenye iPhone akikutana na hali hii aangalie kwanza kama ameruhusu simu ifute kila kitu baada ya namba kukosewa mara kumi, maana kwake hasara si chaji tu.

Kwa nini paja linaonekana kama kidole

Vioo vya simu za leo haviangalii kusukumwa. Vinahisi umeme: chini ya kioo kuna gridi ya nyaya nyembamba zisizoonekana, na kitu kinachopitisha umeme kikikaribia, uwezo wa gridi hiyo kuhifadhi chaji hubadilika mahali hapo. Kidole hufanya hivyo. Sikio hufanya hivyo. Paja nalo hufanya hivyo, mradi kilicho katikati ni chembamba vya kutosha. Kitambaa kikavu peke yake hakihesabiki kama mguso, ndiyo maana simu inaweza kukaa ndani ya begi la nguo kwa siku nzima bila kufungua chochote. Bitana ya mfuko ikiwa nyembamba na imelowa jasho, na kioo kimetazama mwili, simu inaona ngozi. Mtunza ghala wetu kila siku aliiweka hivyo, kioo ndani, ili isipasuke akijigonga kwenye rafu. Si uamuzi wa kijinga, nitaurudia.

Ila watu wengi hutembea na simu namna hiyo na haziwatendi haya. Kinachowaokoa ni sensa ya ukaribu, ile iliyo juu karibu na spika ya kusikilizia. Aina iliyozoeleka zaidi ina kitaa kidogo cha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kipokezi pembeni yake. Mwanga ukirudi kwa nguvu, kuna kitu kimekaribia, kwa kawaida ndani ya sentimita tano hivi. Kazi yake inayojulikana ni kuzima kioo simu ikiwa sikioni. Kazi yake ya pili ni kuiambia simu kwamba iko mfukoni, hivyo miguso isisikilizwe au kioo kisiwake kabisa. Samsung wana mpangilio wa kuzuia mguso usiokusudiwa. Xiaomi na OnePlus wanauita hali ya mfukoni. Katika simu hii mpangilio wa namna hiyo ulikuwa umewashwa tangu mwanzo, na bado haukusaidia kitu.

Nikamuuliza swali lililoonekana halihusiani: ukiongea na simu, shavu halikati simu? Akacheka. Linakata, linaweka watu kwenye subira, mara nyingine linawasha spika mbele za watu. Alidhani ni tabia ya simu kubwa.

Hilo ndilo jaribio rahisi kuliko yote na halihitaji programu. Piga simu, weka kiganja juu ya sehemu ya spika ya kusikilizia. Kioo kisipozimika, sensa haioni. Simu nyingi za Samsung zina pia ukurasa wa majaribio unaofunguka ukipiga *#0*#, na humo unaweza kuangalia sensa moja moja. Kwenye simu ya huyu ndugu kioo hakikuzimika, si kwa kiganja, si kwa kidole kilichogusa kabisa.

Kosa lilikuwa kwenye protekta. Alikuwa amebandikiwa ya kioo nene yenye ukingo mweusi kuzunguka pande zote, ya simu inayofanana na yake lakini si yake. Ukingo ule ulipita juu ya sensa. Wino wake ulimeza infraredi kabla haijatoka, hakuna kilichorudi, na sensa ikawa inatoa jibu lilelile mchana na usiku: hakuna kitu karibu. Mlinzi alikuwa langoni, amefungwa kitambaa machoni. Protekta mbaya inaweza pia kukosea upande wa pili, ikarudisha mwanga mwingi mno hadi simu iamini muda wote kwamba iko sikioni; hapo utaona kioo kinazimika simu inapopigwa na hakirudi hadi mwisho wa maongezi. Hilo watu hulalamikia upesi. Upofu wa aina ya kwanza hauna anayeulalamikia, kwa sababu kila kitu kinaonekana kinafanya kazi.

Kuna simu ambazo hazina kitaa hicho kabisa. Xiaomi Mi MIX ya mwaka 2016, kwa kuwa kioo chake kilipanda hadi juu, ilitumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kupima umbali, na baada yake zimekuja simu nyingine zinazokisia ukaribu kwa sauti na mwendo. Mwenye simu ya namna hiyo asitegemee sana hali ya mfukoni. Makisio hayo hukosea zaidi ya infraredi, na hakuna protekta ya kulaumu.

Kisha kuna kosa lililozaliwa na kosa. Protekta ile nene ilifanya kioo kiwe kizito kusikia kidole, na aliyeibandika akamwashia mpangilio wa kuongeza wepesi wa mguso. Mpangilio huo umewekwa kwa ajili ya protekta nene na glovu. Kazi yake ni kuifanya simu ihisi kidole kilicho mbali kidogo na kioo, na hakuna namna ya kuuambia utofautishe kidole kilicho nyuma ya glovu na paja lililo nyuma ya bitana. Kwa hiyo protekta moja ilipofusha sensa iliyopaswa kuzuia miguso, halafu ikasababisha miguso iongezwe nguvu. Betri ikalipa.

Milango ya kuamkia

Nikaing'oa protekta, nikafuta gundi iliyobaki juu ya sensa, nikarudisha wepesi wa mguso katika hali ya kawaida. Jaribio la kiganja likapita. Angeweza kuondoka hapo. Lakini sensa inazuia miguso baada ya simu kuamka, na mimi nilitaka kujua nani anaiamsha, maana kila kuamka kuna gharama hata kama hakuna kitakachofunguka.

Zamani simu ilikuwa na mlango mmoja wa kuamkia, kitufe. Nokia N9 ya mwaka 2011 ilileta kugusa kioo mara mbili. iOS 10, programu endeshi ya iPhone ya mwaka 2016, ikaleta kuamka kwa kuinuliwa. iPhone X ya mwaka uliofuata ikaongeza kuamka kwa kuguswa, pamoja na vitufe vya tochi na kamera palepale kwenye skrini ya kufuli, ambavyo wenye nazo walikuja kuruhusiwa kuviondoa kwa iOS 18, mwaka 2024. Ongeza arifa zinazowasha kioo, ongeza kubonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili ili kufungua kamera. Kila kimoja ni kizuri simu ikiwa mkononi, na kila kimoja kina tafsiri yake mfukoni: kutembea ni kuinuliwa, kuchuchumaa ni kubonyezwa, msuguano wa paja ni kuguswa mara mbili.

Simu hii ilikuwa na milango yote wazi. Makundi ya kazini yalikuwa yakimiminia ujumbe asubuhi nzima na kila mmoja ukiwasha kioo. Watu husahau jambo moja kuhusu muda wa kioo kuzimika: unahesabiwa tangu mguso wa mwisho. Ukiweka sekunde 30, na paja likagusa kila sekunde ishirini, kioo hakitazimika hadi ukae chini. Arifa moja ya saa 2 asubuhi inaweza kukiwasha hadi saa 4.

Tulifunga mmoja mmoja, tukimpa kila mmoja siku yake ya kazi kabla ya kugusa mwingine, kwa sababu ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichokuponya. Kugusa mara mbili kulipozimwa, muda wa kioo kuwaka ulipungua sana. Arifa kuzuiwa zisiwashe kioo, huku zikiachwa zilie na kutetemesha, kulifuata. Kuinua hakukuwa na athari ya kuonekana, nikamwachia maana anakupenda. Njia ya kufungua kamera kwa kubonyeza mara mbili ndiyo tuliyobishana. Anaitumia kupiga picha mzigo uliofika umeharibika, na mzigo haungojei. Hapo tulitazama kava: raba yake juu ya kitufe ilikuwa imetuna na kulegea, na funguo za ghala zilikaa mfuko huohuo. Funguo zikahamia mfuko mwingine, kava likabadilishwa kwa lenye tundu la kitufe, kamera ikabaki na njia yake ya mkato.

Kwenye iPhone mambo haya yako sehemu tofauti ila mantiki ni ileile: kuinua ili iamke, kugusa ili iamke (hii iko chini ya mipangilio ya ufikivu, Accessibility), na kwa zinazoonyesha saa muda wote, swichi ya kuzima hilo. Katika orodha ya matumizi ya betri ya iPhone kuna mstari wa skrini ya mwanzo na ya kufuli. Sehemu yake ikiwa kubwa kupita kiasi, na wewe hukuwa ukiitazama simu, tazama mfuko wako.

Kitufe cha kuwashia kina hatari moja inayopita chaji. Tangu Android 12 ya mwaka 2021, simu nyingi zinaweza kupiga namba ya dharura kitufe kikibonyezwa mara tano au zaidi. Juni 2023 polisi wa Uingereza walitangaza hadharani kwamba simu za bahati mbaya kwenda 999, namba yao ya dharura, zimepanda mno kwa sababu ya kipengele hicho, wakawaomba waliopiga bila kukusudia wasikate kimya kimya bali waseme ni bahati mbaya. Sikukizima kwa mtunza ghala. Anafanya kazi peke yake kati ya rafu ndefu, na siku anayoangukiwa na kitu atakihitaji. Niliangalia tu kwamba kinaanza kwa kuhesabu sekunde kwa mlio mkubwa kabla ya kupiga, ili kikijiwasha mfukoni asikie.

Sehemu ambayo haikuwa ya mfuko

Baada ya yote hayo, saa 7 mchana ilimkuta na chaji ya juu kidogo ya 80%. Alifurahi. Mimi sikuridhika, kwani simu iliyolala ingepaswa kuwa juu ya 90% hata baada ya simu mbili tatu, na muda wa kioo sasa ulikuwa wa kawaida kabisa. Nikamwomba aiache mezani ndani ya ghala asubuhi nzima, mbali na mfuko na funguo. Ikashuka karibu vilevile.

Kwa hiyo mabaki yale hayakuwa ya kioo. Ghala lina kuta na paa la bati, na bati huzuia mawimbi. Simu iliyo mbali na mnara, au iliyozibwa, huongeza nguvu ya kurusha na kutafuta mtandao tena na tena, kioo kikiwa kimezimika kabisa. Mfukoni huongezeka kidogo kwa sababu mwili nao hufyonza mawimbi. Ghala lilikuwa na Wi-Fi ya ofisi ambayo hakuwahi kuunganishwa. Akaunganishwa, tukawasha kupiga simu kupitia Wi-Fi, na sehemu kubwa ya mabaki ikaondoka. Jaribio la kuacha simu mezani, mahali uleule unapoipoteza chaji, ndilo linalotenganisha mambo haya mawili, nami huliomba mapema siku hizi kuliko kuliacha mwisho.

Programu za mfukoni, na upande wa kioo

Aliniuliza kama aweke programu ya kufunga kioo mfukoni, rafiki yake anayo. Nilimkatalia. Nyingi huomba ruhusa ya ufikivu, ambayo ni ruhusa ya kuona na kugusa karibu kila kitu kwenye skrini, pamoja na kilichoandikwa kwenye programu ya benki. Na ili ijue simu imeingia mfukoni lazima ikae macho ikisoma sensa ileile ya ukaribu. Ikiwa sensa ni pofu, programu nayo ni pofu, na unalipia upofu huo kwa chaji. Kama simu yako haina hali ya mfukoni ya kwake yenyewe, kufunga milango ya kuamkia kunafaa zaidi.

Swali la upande gani kioo kitazame halina jibu moja. Kikitazama nje, kati yake na kidole chochote kuna kitambaa kikavu, na miguso ya bahati mbaya karibu iishe. Lakini kona ya meza au rafu inakipata moja kwa moja. Kikitazama ndani, mwili unakikinga kisipasuke na jasho linakigusa. Kwa mtu wa ofisini ningesema nje. Huyu, anayejigonga kwenye vyuma kutwa, nilimwambia aendelee kukiweka ndani, kwa kuwa sensa sasa inaona, na kubadilisha kioo cha OLED ni ghali kuliko chaji yoyote atakayopoteza. Simu ikae kichwa juu au chini si muhimu kama watu wanavyobishana. La maana ni kitufe cha kuwashia kisielekee kwenye mkunjo wa nyonga, ambako kila ukikaa kinabonyezwa.

Joto alilolalamikia liliisha lenyewe. Lilikuwa la kamera na prosesa vikifanya kazi vimebanwa kati ya kitambaa na mwili, na betri ya lithiamu haipendi kushinda humo. Apple, kwa mfano, wanashauri simu zao zitumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na ngozi ya paja peke yake haiko mbali na kikomo hicho. Protekta mpya aliyobandikiwa ni nyembamba, ina tundu juu ya sensa, na kabla hajalipa nilimfanya apige simu na kuweka kiganja juu yake.